Usiku wa Ijumaa

Kanuni ya saba, kifungu cha pili,
niliipiga chapa mwenyewe, kwa kidole kimoja,
katika ofisi ya tawi, juu ya duka la betri, Langoni:
Mjumbe halali ni aliyelipa ada yake
kabla usiku wa Ijumaa haujaisha.
Nikatia nukta. Nikashuka kununua mahamri.

Kura za mchujo zikahesabiwa chini ya taa moja ya shule:
Mwanajaha Lali, mia na arobaini na mbili.
Famau Shekuwe, mia na thelathini na tisa.
Kura tatu: mafiga kamili,
chungu cha fitina kikatelekwa.

Maana kuna wale kumi na mmoja wa Matondoni,
walioleta ada zao Ijumaa, baada ya swala,
noti zimelowa jasho, punda wamewafunga chini mlangoni,
nami nikawakatia risiti,
nambari sitini na nne hadi sabini na nne.
Matondoni ni kwa mamake Mwanajaha.
Hakuna aliyeuliza kura zao zilikwenda wapi.

Akasimama Mwalimu Bunu, msemaji wa Famau,
akafunga kifungo cha juu cha kanzu:
"Yua likitwa Alhamisi, Ijumaa imengia.
Usiku hutangulia, mchana hufuata.
Hawa walikuja usiku umeshakwisha,
kumekucha, na adhuhuri imepita.
Walilipa, ndiyo. Walilipa ada ya mwaka ujao."

Famau akatikisa kichwa kwa uchungu wa mila,
Famau ambaye mwaka jana alitugombeza
kwa kuandika saa mbili badala ya saa nane,
akasema tunamwaibisha mbele ya wageni.

Bwana Wakhungu wa makao makuu
akafungua kompyuta yake, akatuonyesha visanduku:
Ijumaa hiki hapa, na usiku wake umo ndani yake, chini.
"Sioni tatizo," akasema,
na watu wa Mwanajaha wakapiga makofi,
watu ambao bibi zao, mama zao, wao wenyewe
hawajapata kuhesabu usiku namna hiyo.
Mwanajaha aliolewa usiku wa Ijumaa.
Nilikuwepo. Ilikuwa Alhamisi. Nilibeba sinia la halua.

Kisha wote wakanigeukia.
"Wewe uliyeandika. Ulikusudia usiku upi?"

Nilitafuta ndani yangu kama mtu anayetafuta ufunguo
katika mkoba alioupanga mwenyewe.
Mkono uliokata risiti ulikwenda kwa kalenda ya ukutani,
ile ya benki, yenye picha ya twiga.
Ulimi ulioandika kanuni ulikwenda kwa jua.
Na baina ya mkono na ulimi, mimi sikuwepo.
Nikasema: "Niliandika tu."
Wakacheka upande huu, wakaguna upande ule,
na jina langu likashuka bei pande zote mbili.

Bwana Wakhungu akabandika tangazo, mhuri wa chama juu yake:
Uamuzi utatolewa ukumbini, usiku wa Jumatatu.
Akavuka kwenda Mokowe kulala kwenye feni.

Jumapili, magharibi imeswaliwa,
nikachukua ufunguo. Sijui kwa nini.
Nilijiambia nakwenda kufagia.
Barazani walikuwepo tayari watu wa Famau,
Mwalimu Bunu na birika lake la kahawa.
Hilo nililitarajia.

Ila kwenye ngazi, peke yake, viatu mkononi,
alikaa Mwanajaha Lali.
Kesi yake nzima ilisema ni kesho.
Tulitazamana.
Akavuta buibui, akafuta vumbi lisilokuwepo.

"Nilipita tu," akasema,
"kuona kama mlango umefungwa."

Nikaufungua.